Bonde Chini ya Raila

Kibera yote inainamia kusini. Ukitoka relini ukashika vichochoro vya Gatwekera au Soweto West, huhitaji kuuliza njia ya kwenda mtoni; mitaro ya maji machafu inakutangulia. Kwenye karatasi za serikali mto huo ni Motoine mpaka uingie Bwawa la Nairobi, na ukitokea upande wa pili unaitwa Ngong. Sisi tulisema mtoni, basi. Kijiji chetu, Raila, kilichukua jina la Raila Odinga, mbunge wa Langata kuanzia 1992 hadi 2013, na nyumba zake za mwisho zilipakana na mashamba.

Watu wa mitaa mingine ya Nairobi hushangaa nikitaja mashamba. Wakisikia Kibera wanaona mabati yenye kutu na matope, na hapo picha yao inaisha. Lakini miaka ya tisini, nilipokuwa mtoto, ukisimama mlangoni kwetu asubuhi ulichokiona mbele yako ni sukuma wiki kwa matuta, nduma zenye majani mapana kandokando ya mto, miwa, migomba, na nyasi za nepia ambazo wenye ng'ombe walikuja kuzinunua kwa mzigo. Palikuwa na managu, kunde na mrenda, kwa sababu wengi wa waliolima pale walitoka Nyanza na Magharibi na hawakuweza kukaa bila mboga za kwao. Mabonde ya Nairobi yalilimwa hivyo karibu kote ambako jiji lilikuwa halijajenga, na wetu walilima pale kwa sababu ardhi ya mtoni haikuwa na mtu wa kuikodisha kwa bei ya nyumba.

Shamba la Mama lilikuwa hatua kama arobaini kwa urefu na kumi na tano kwa upana. Alilipata kwa mwanamke aliyekuwa anarudi nyumbani Siaya, akamlipa kwa kazi aliyokwisha kuifanya humo: matuta, mbolea, migomba mitatu. Ardhi yenyewe haikuwa ya yeyote kati yao. Mpaka wa juu ulikuwa mtaro, wa chini ulikuwa mto, upande wa magharibi jiwe kubwa bapa ambalo wanawake walifulia, na mashariki migomba ya jirani. Hakuna aliyewahi kuandika mipaka hiyo popote, na sikumbuki ugomvi wa mpaka ambao haukumalizwa pale pale na wanawake wawili watatu wakongwe waliojua nani alilima wapi, tangu lini.

Kiangazi ndipo mtu alipoona ujuzi wao. Januari na Februari mto ulibaki kamkondo kembamba keusi, na mabomba ya maji safi yalikuwa ya kunywa na ya kuuza kwa mtungi, si ya kumwagilia. Ila kando ya bonde lilipita bomba kuu la maji taka la jiji, lenye mashimo yaliyofunikwa kwa vifuniko vizito. Wakulima waliofungua kifuniko na kuziba bomba kwa magunia ya udongo waliyafanya maji taka yapande shimoni mpaka yafurike, kisha wakayaongoza kwa mfereji hadi mashambani. Jambo hilo si siri ya kijiji; watafiti wa kilimo cha mijini wamelieleza, Kibera na kule Maili Saba. Lilikuwa haramu, lilinuka, na lilileta minyoo. Mama alivaa gambuti, alitukataza kuingia mferejini miguu mitupu, na mboga za shambani mwake hazikuliwa mbichi kamwe. Lakini maji hayo yalikuja kila siku ya mwaka, yakiwa na mbolea ndani yake, na mboga ya Februari ndiyo yenye bei.

Kuziba bomba ilikuwa kazi ya vijana wenye nguvu. Kuchora mfereji ilikuwa kazi ya Mama. Nilimwona akiifanya mara nyingi, na hadi leo sijaona upimaji wa ardhi uliofanywa kwa makini zaidi. Alianzia shimoni, akafukua kwa jembe mstari wa kina cha kiganja, akayaruhusu maji kidogo, kisha akachuchumaa kuyatazama. Yaliposimama, alijua hapo pameinuka, akakwangua kwa mkono. Yalipokimbia, alijua mteremko umezidi na udongo utaliwa, akaupinda mfereji ushike ubavu wa bonde badala ya kuushuka. Hatua kwa hatua aliuzungusha mstari ule kwenye ubavu, juu ya shamba la huyu, nyuma ya migomba ya yule, mpaka ukafika juu ya matuta yake ukiwa bado na mwinamo wa kutosha kuyanywesha. Fundi wa kujenga ana pimamaji ya chupa. Yeye alitumia maji yenyewe.

"Usitazame udongo," aliniambia siku moja nilipojaribu kumsaidia. "Udongo unadanganya macho. Tazama maji."

Nilijifunza jina la alichokuwa akikifanya miaka kadhaa baadaye, kwa mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa amestaafu. Ujana wake alifanya kazi na masavea wa serikali, akibeba cheni na nguzo za kupimia, akifyeka njia ya kuona, akifukia bikoni za saruji. Alikuwa na karatasi moja aliyoitunza ndani ya bomba la plastiki: ramani ya Nairobi ya kipimo cha 1:50,000, laha namba 148/4. Aliitandaza mezani, akaweka kikombe kila pembe isijikunje, akaniita.

"Kijana, nitafutie nyumbani kwenu."

Nilitafuta. Niliiona reli, nikauona Msitu wa Ngong kwa rangi yake ya kijani, nikaliona Bwawa la Nairobi, doa la buluu, na mstari wa buluu ulioingia na kutoka. Kati ya reli na mto palikuwa na mistari ya kahawia iliyojipinda, na karibu hakuna kingine. Kwenye kipimo hicho sentimita 2 ni kilomita 1. Eneo lote la vijiji vya Kibera, ambalo ni kama kilomita 2.5 za mraba, linatosha ndani ya sentimita 10 za mraba. Vidole vyangu vitatu vililifunika.

Mzee alinifundisha kuisoma mistari ya kahawia. Kontua, alisema, ni mstari unaopita mahali ambapo urefu kutoka usawa wa bahari ni ule ule. Ukiufuata kwa miguu hupandi wala hushuki. Ikikaribiana, ardhi ni kali. Ikiachana, ni tambarare. Ikijikunja kama herufi V yenye ncha inayoelekea juu mlimani, hapo ni bonde. Niliposikia hayo nilimwambia kwamba mfereji wa Mama unafanya hivyo hivyo, ila unashuka kidogo sana. Alicheka kwa furaha, akasema mama yako ni savea.

Namna ramani zile zilivyotengenezwa alinieleza kwa vipande, na sehemu nyingine nilikuja kuisoma. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima ardhi ya makoloni yake, na katika miaka iliyofuata vita vya pili vya dunia ndege za kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga zilipita juu ya Kenya zikipiga picha, ukanda baada ya ukanda. Kila picha ilipandana na iliyoitangulia kwa zaidi ya nusu, ili kila mahali paonekane mara mbili, kutoka pembe mbili. Mchoraji akizitazama picha mbili kwa pamoja kwenye chombo cha lenzi, ardhi inainuka mbele ya macho yake, vilima vinasimama, mabonde yanazama, naye anaifuata kontua kwa kalamu bila kuondoka mezani Uingereza. Watu kama yule mzee walitembea huku chini kupima nukta chache za uhakika ambazo picha zote zilifungwa kwazo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Barabara, mabwawa na mabomba ya nchi hii yalipangwa juu ya karatasi hizo.

Lakini kati ya kontua moja na nyingine kwenye laha kama ile kuna mita 20. Toka kizingiti cha nyumba yetu mpaka mtoni hapakuwa na mita 20 za kushuka. Yote yaliyotuhusu, yaani nani anafurikiwa na nani halali macho mvua ikinyesha, mfereji upite wapi, nduma zipandwe wapi na sukuma wapi, yalitokea katikati ya mistari miwili, mahali ambapo karatasi ni tupu. Nusu mita ilitosha kutofautisha kitanda kikavu na kitanda kilichoelea.

Bonde lenyewe lilikuwa na historia ndefu kuliko mashamba yetu. Wazee wa Kinubi wa Makina, kijiji kingine cha Kibera, walikumbuka kwa masimulizi ya baba zao mahindi na ng'ombe mpaka mtoni. Baba zao hao walikuwa askari wa King's African Rifles kutoka Sudan, waliokaribishwa hapa na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita; eneo lao lilipimwa na kutangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa ekari 4,197 za akiba ya jeshi. Walipewa vibali vya kukaa na kulima, hawakupewa hati. Ekari zile zilimegwa miaka nenda miaka rudi, mitaa ya jiji ikajengwa juu yake, na ilipofika 2017 jamii ya Wanubi ndipo ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Kwa hiyo upimaji wa kwanza wa ardhi hii ulihesabu ukubwa na kuweka mpaka wa nje. Waliokuwa ndani hawakuwekewa mstari hata mmoja.

Tofauti niliiona kwa shangazi yangu, aliyepanga nyumba Kawangware. Likizo nilikwenda kwake, na huko nako tulishuka bondeni kununua nduma, nduma zile zile, udongo mweusi ule ule. Ila upande ule wa Dagoretti ulikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu, na miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kuvipima upya, chini ya mpango uliochukua jina la Swynnerton mwaka 1954. Kazi hiyo ilifanywa wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini, na wengi walinyang'anywa haki zao humo, sitaki kuisifu. Lakini ilipokwisha, shamba refu jembamba lililoanzia mgongoni mwa kilima na kuishia mtoni lilikuwa na namba, na namba ikawa na hati. Mwanamke aliyetuuzia nduma Kawangware aliweza kumpeleka mtu mahakamani. Mama yangu, kwa jembe lile lile na bonde la namna ile ile, kilomita chache kusini, hakuwa na mahali pa kwenda kulalamika jirani asipomsikia.

Halafu ikaja 2009. Mikel Maron na Erica Hagen walifika Kibera mwezi Oktoba na wazo la kuwafundisha vijana wa vijiji kuchora ramani yao wenyewe kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Walikuwa vijana 13, na kabla yao Kibera kwenye ramani za mtandaoni ilikuwa doa tupu. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameanza kuzungukazunguka na kazi hiyo kijijini kwetu, naye akanichukua niwe mwandishi wake: yeye anashika kifaa cha GPS, mimi naandika daftarini. Tulipita kila kichochoro. Choo, nukta. Kioski cha maji, nukta. Shule, kanisa, msikiti, duka la dawa, taa ya mulika mwizi. Watu walituuliza kama tumetumwa na serikali kuja kubomoa, na tulilazimika kujibu mlango kwa mlango. Mwaka uleule sensa ya taifa ilihesabu watu 170,070 Kibera, pahali ambapo kwa miaka mingi magazeti yalikuwa yakisema pana milioni moja. Ulikuwa mwaka ambao Kibera ilianza kuwa na vipimo.

Siku tulipofika mashambani Mama alikuwa akichuma sukuma. Alimtazama rafiki yangu akiinua kifaa juu kusubiri kishike setilaiti.

"Hiyo kitu inaona mfereji wangu?"

"Haioni, Mama. Inaona mahali mimi nimesimama."

"Basi njoo usimame huku," akasema, akatangulia.

Akatutembeza mfereji mzima kuanzia shimoni. Kila ulipopinda alisimama, akangoja rafiki yangu abonyeze, akaendelea. Alitaja wenye mashamba mmoja mmoja, waliopo na waliohama. Alituonyesha pia kitu ambacho hatukuwa tumemuuliza: jiwe la kufulia. "El Niño," alisema, akiweka mkono juu ya jiwe kwenye alama ya rangi nyepesi. Mvua za 1997 zilileta maji mpaka hapo. Nyumba zote zilizokuwa chini ya usawa wa ile alama zilijaa maji, na zilizokuwa juu yake zilipona. Kwa jicho lake aliweza kuhamisha usawa huo kutoka jiweni hadi ukutani kwa mtu aliye mbali, akasema huyu yuko salama, yule bado.

Ramani ya Kibera ilipochapishwa niliipenda, na bado naipenda. Kwa mara ya kwanza nililiona jina la kijiji chetu limeandikwa mahali pake. Bonde, hata hivyo, lilibaki kipande cha kijani kisicho na maelezo, kwa sababu kazi iliyokuwa ya haraka ilikuwa afya, maji, shule na usalama. Sina neno juu ya hilo. Mwaka mmoja kabla ya vijana wale kuanza kuchora, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités lilikuwa limewafundisha maelfu ya watu kupanda mboga ndani ya magunia mlangoni, kwa hiyo hata dhana ya kilimo Kibera ilikuwa imeanza kuhamia kwenye gunia. Nami nilimwona Mama akilipita gunia la jirani bila kulitazama.

Ramani nyingi za bonde hili zina tabia ya kukumbuka kilichokufa. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953, na zamani watu wenye mashua walikuwa na klabu yao pale. Magugu maji na uchafu uliotelemshwa na mto vimelifunika. Leo watu wanalima nduma na kukata nyasi ndani ya eneo ambalo karatasi ya mzee wangu inalipaka buluu. Huku juu, mahali ambapo karatasi ile ni tupu, wanaishi makumi ya maelfu ya watu. Mtu akipanga jambo kwa kutumia karatasi peke yake, atawaokoa samaki na kuwazamisha watu.

Ndivyo tulivyohofia mwaka 2024. Mvua za Machi hadi Mei ziliua watu wengi Nairobi, mito yote ilitoka kingo zake, na serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mito wahame. Kwenye mabonde kadhaa ya jiji tingatinga zilifika. Kwetu zilikuja alama nyekundu ukutani, X moja kwa kila nyumba. Niliwatazama wapimaji wakinyoosha tepu kutoka ukingo wa maji ya siku ile, ukingo ambao takataka na matope viliuhamisha kila wiki. Kanuni za maji za mwaka 2006 hazikusema hivyo. Zilisema kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kwa kutegemea kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Nilizisoma mara ya pili kuhakikisha. Kiwango kilichorekodiwa! Kwa kipande chetu cha mto, rekodi niliyoijua mimi ilikuwa kwenye jiwe la kufulia, na kwenye vichwa vya wanawake waliolima hapo.

Mimi na rafiki yangu tulirudi kazini, safari hii kwa simu tu, maana simu za leo zinashika setilaiti vizuri kuliko vile vifaa vya 2009. Mama alikuwa hatembei sana tena. Shamba lilikuwa limeshachukuliwa na nyumba kabla ya mvua zile, na magoti yake hayakupenda mteremko. Tulimshusha polepole, tukamwekea kiti. Wenzake waliobaki walikuja wenyewe waliposikia. Jiwe lilikuwa bado lipo, limezama nusu kwenye matope mapya, na alama ya 1997 ilikuwa imefutika, lakini yeye aliweka kidole bila kusita, kisha akaonyesha maji ya 2024 yalipofika: chini kidogo ya pale, upana wa viganja viwili.

Jirani yake wa zamani, yule wa migomba ya mashariki, alikataa. Alisema El Niño ilipanda zaidi, ilifika ngazi ya tatu ya nyumba ya mwalimu, na yeye aliwabeba watoto wake mgongoni kuivuka. Mama akasema ngazi ya pili, ile ya tatu ilirushiwa matope tu. Wakabishana kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, huku watoto wa siku hizi wakikusanyika kusikiliza. Nyumba ya mwalimu haipo, ila msingi wake wa mawe upo nyuma ya choo, na ngazi zinahesabika. Tulipima kutoka ukingoni mpaka ngazi ya pili, tukapima mpaka ya tatu, tukaandika zote mbili na jina la aliyesema kila moja. Kisha jirani akatuambia tumfuate, kwa sababu kuna mti upande wa pili wa mto ambao sisi hatuujui.